Nyumba ya Tippu Tip na Mlango wa Karavia



Siku moja ya kiangazi tuliitwa kule Karavia kubariki nyumba mpya. Wale wanaojua Lubumbashi wanafahamu fasi hiyo: kuna ziwa, kuna uwanja wa golf, kuna hoteli kubwa inayoitwa kwa jina hilo, na siku hizi kuna majumba ya watu wenye mali, kila moja ndani ya lupango lake, na ukuta mrefu mbele yake. Tulifika saa tatu asubuhi pamoja na katekista mmoja na mseminari aliyekuwa katika likizo. Mwenye nyumba alitupokea kwa heshima, akatusimamisha mbele ya mlango wake mkubwa. Ulikuwa wa mbao nzito, umechongwa maua na minyororo pande zote, na misumari ya shaba nyeupe imepangwa mistari mistari. Akasema: «Padri, mlango huu ni wa Zanzibari. Fundi ameufuata kwa picha. Ni sawa na ule wa nyumba ya Tippu Tip.»

Wageni wote wakaupiga makofi. Yule mseminari peke yake hakupiga. Akatuinamia, akauliza kwa sauti ndogo: «Padri, mlango huu ni mzuri?»

Tulitafuta jibu, hatukulipata upesi. Tukisema ndiyo, kuna kitu kinatukataza. Tukisema hapana, macho yetu yanatushitaki kwamba tunasema uwongo, kwa maana mlango ulikuwa mzuri kweli. Basi tumerudi kwetu, tumesoma, tumewauliza wale waliofika Unguja, na leo tunataka kuhukumu nyumba ile ya kwanza, ndiyo nyumba ya Tippu Tip, sawasawa na namna tunavyohukumu kitabu: imetengenezwa namna gani, na nani, kwa mali gani, na inasema nini.

Nyumba yenyewe iko Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, karibu na pwani. Mji huo wote uliandikwa mwaka 2000 katika hesabu ya mali za dunia inayolindwa na UNESCO. Mtu anayepita haraka aweza kuikosa nyumba, kwa sababu kwa nje haina majivuno. Ni ukuta mrefu mweupe, madirisha, na njia nyembamba mbele yake. Kinachomsimamisha mpitaji ni mlango wa kuchongwa, na ngazi za mawe meusi na meupe zinazopanda kuufikia.

Ili kufahamu ujenzi wa namna ile, lazima kwanza kujua vitu ambavyo mafundi wa Unguja walikuwa navyo mikononi. Hawakuchoma matafali kama sisi. Walivunja mawe ya matumbawe, wakachoma mengine ili kupata chokaa, wakachanganya chokaa na mchanga na udongo mwekundu, wakajenga kuta nene za nusu metre na zaidi. Ukuta wa namna hii haupitishi joto upesi; ndani kunakuwa na baridi nzuri hata jua likiwa kali. Kwa dari walilaza boriti, ndiyo miti ya mikoko inayokatwa kando ya bahari. Lakini mti wa mkoko hauna urefu mkubwa. Boriti moja inavuka metre 3 hivi, basi. Kwa sababu hiyo vyumba vya majumba ya Unguja ni vyembamba na virefu, hata katika nyumba ya tajiri. Tajiri aliweza kununua watu na bunduki na merikebu, lakini hakuweza kupata chumba kipana kuliko mti wake. Tunapenda sana jambo hilo. Kuna unyenyekevu ndani yake, ijapokuwa si mwenye nyumba aliyeuchagua.

Katikati ya nyumba kama hizo huwa kuna uwanja ulio wazi juu, na vyumba vinauzunguka, ghorofa juu ya ghorofa. Hewa inashuka pale, mwanga unashuka pale, na wanawake wa nyumba wanafanya kazi zao bila kuonekana na watu wa njiani. Nje, chini ya ukuta, kuna baraza. Ndugu zetu wa Katanga wasikie vizuri hapa. Sisi tunasema barza, na tunafikiri ni neno la Wazungu, kwa maana Wabelgiji walilitumia kila siku kwa kutaja upande wa nyumba wenye kivuli. Kumbe ni neno la Kiswahili lililosafiri kutoka pwani. Lakini lilipofika kwetu lilibadili maana. Kule Unguja baraza ni kiti kirefu cha jiwe na chokaa kilichoshikamana na ukuta kwa nje, upande wa njia. Mwenye nyumba anakaa pale jioni na kupokea watu. Jirani anakaa. Hata mpitaji asiyejulikana aweza kukaa akapumzika, na hakuna wa kumfukuza. Kwetu barza imeingia ndani ya lupango. Ni fasi ya mwenye nyumba na rafiki zake tu. Tutarudi kwa jambo hili.

Na mlango? Inasimuliwa kwamba mara nyingi mlango ulitengenezwa kwanza, kisha nyumba ikajengwa kuufuata. Watu walijua ukubwa wa bwana kwa kuangalia mlango wake. Milango ya kale ya Kiarabu ina kichwa kilichonyoka. Ile ya baadaye, iliyofuata desturi ya Wahindi, ina kichwa cha mviringo na maua mengi. Wachongaji waliweka alama: samaki, mtende, ua la maji, na pembeni mnyororo unaozunguka mlango mzima. Wengine wanasema mnyororo ni alama ya ulinzi wa nyumba, wengine wanasema ni alama ya watumwa. Sisi hatutaki kumsingizia seremala. Yeye alichonga mnyororo kwa sababu baba yake na mwalimu wake walichonga mnyororo. Tunatazama tu kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi na wa haki: kila kipande kinafanana na mwenzake, hakuna fasi aliyoficha uvivu. Kwa kazi hiyo anastahili sifa, na tunampa.

Hapa waandishi wengi wanaishia. Wanasema: tazameni uzuri, tazameni ufundi, mwenye nyumba alikuwa mfanya biashara mashuhuri. Kisha wanapita kwenda kuona nyumba nyingine. Kwao jambo hilo ni rahisi, kwa sababu hawatoki Maniema. Sisi tunatoka upande ule ambako mali ya nyumba ilichukuliwa, basi hatuwezi kusimama mlangoni tu.

Jina lake la kweli lilikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Tippu Tip ni jina la utani. Yeye mwenyewe alisema ni mlio wa bunduki zake. Alizaliwa Unguja karibu ya mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa Tabora. Kijana alianza biashara ya pembe mapema, akapita Tanganyika, na mwaka 1867 akafika kwa Nsama, mfalme mkubwa wa Watabwa, aliyeogopwa na watu wote wa upande ule. Vita vikatokea. Nsama alikuwa na mishale, Tippu Tip alikuwa na bunduki. Katika ghala za mfalme yule alipata pembe karibu frasila 2,000, na shaba pia. Frasila moja ni kilo 16 hivi. Hesabuni wenyewe, mtaona ni tani 30 za pembe kwa vita moja. Mwaka uleule alikutana na Livingstone katika nchi hizo, akamsaidia kwa chakula na barua, na Livingstone akamwona kuwa mtu wa adabu.

Kisha kuna habari ya Utetera, ambayo wazee wa Kasongo na Lomami wanaijua. Tippu Tip alisikia kwamba dada wa mfalme Kasongo Rushie alichukuliwa mateka zamani. Akajitokeza mbele ya mfalme, akasema: bibi yangu ndiye yule dada yako, mimi ni mjukuu wenu. Mzee akaamini, akafurahi kuona damu yake imerudi, akampa utawala na pembe zote za nchi. Yeye mwenyewe anasimulia hila hiyo bila haya. Tunaomba mfikiri kidogo. Katika desturi zetu, mtu akikuita ndugu, unampa chakula na fasi ya kulala. Mzee yule alifanya lililo haki. Jina la undugu, lililo takatifu kwa Mwafrika, lilitumiwa kama ufunguo wa kufungua ghala.

Kutoka Kasongo na Nyangwe pembe zilibebwa mabegani mpaka Ujiji, kutoka Ujiji mpaka Tabora, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, kisha kwa jahazi mpaka Unguja. Ilikuwa safari ya miezi mingi. Wapagazi wengine walikuwa watu huru wa mshahara, hasa Wanyamwezi. Wengine walikuwa watumwa. Na pembe hazikukaa Unguja. Zilipelekwa Bombay, London, Antwerpen, na Marekani, ambako viwanda vya Connecticut vilizikata kuwa vibao vyeupe vya piano. Kwa hiyo tuseme kweli: nyumba ya Shangani ni nusu tu ya jengo. Nusu nyingine imetawanyika katika sebule za Ulaya na Amerika, chini ya vidole vya watoto waliojifunza muziki.

Mwezi wa pili wa mwaka 1887 Stanley alifanya naye mapatano Unguja kwa jina la mfalme Leopold II. Tippu Tip akawa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Tunakumbusha jambo hili kwa sababu zamani, katika vitabu vya shule, tulifundishwa kwamba Waarabu walikuwa upande mmoja na Dola Huru la Kongo upande mwingine. Si hivyo. Walikaa meza moja, wakatia sahihi karatasi moja. Miaka mitano baadaye, mwaka 1892, vita vikaanza kati yao. Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893, na Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akafa katika vita hivyo. Watu waliambiwa kwamba utumwa umekwisha. Kisha mpira ukaja, na wale waliookolewa na mnyororo walikatwa mikono. Mapadri wa zamani waliandika kwa bidii juu ya dhambi ya Waarabu. Juu ya dhambi ya mpira wengi wao walikawia sana kuandika. Ni lazima sisi, watoto wao, tulikiri.

Tippu Tip hakuwa Kongo vita vilipokuja. Alikuwa amerudi Unguja tangu mwaka 1891, akakaa katika mji kama mzee tajiri, mwenye mashamba na watumwa wengi. Alikufa mwezi wa sita mwaka 1905.

Katika miaka hiyo ya uzee Mdachi mmoja, Heinrich Brode, alimshawishi aandike maisha yake. Akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Brode akatoa kitabu hicho pamoja na tafsiri ya Kidachi katika miaka 1902 na 1903. Ni kitabu cha kwanza au karibu cha kwanza cha namna hiyo katika lugha yetu, na tunawashauri waseminari wakisome. Lakini wakisome kama tunavyoingia katika nyumba yake. Kwa nje ni ukuta mweupe usio na mapambo: fulani alikuja, tukapigana, tukapata frasila hizi, tukaondoka. Lugha ni safi, hakuna neno la bure. Ndani kuna vyumba vyembamba vilivyojaa pembe. Na kama vile katika nyumba, uwanja wa katikati hauonekani na mtu wa njiani: hatusikii mpagazi mmoja akisema neno lake, hatujui jina la mwanamke mmoja aliyebeba mzigo. Mwandishi si mwongo, maana hata hila zake anazitoa. Kosa lake ni kwamba anahesabu vizuri mno vitu vyenye uzani, na vile visivyo na uzani havimo.

Mtu aweza kutuuliza: kwa nini mnamchukia, nanyi mnaandika kwa lugha yake? Swali ni la haki. Kiswahili chetu cha mashariki, kile wengine wanachokiita Kingwana, kilipanda njia ileile ya misafara. Wangwana wa Tippu Tip walikisema katika Maniema. Baadaye wamisionari walikichukua kwa katekisimu, na Union Minière ilikitumia katika makambi ya wafanya kazi wa Katanga. Sala tunazosali asubuhi zimefika kwetu kwa barabara iliyopitisha minyororo. Hatuwezi kukata ulimi wetu. Lakini pia hatutasema kwamba barabara ile ilikuwa njema kwa sababu tumeokota kitu chema pembeni yake.

Basi turudi kwa nyumba na kuihukumu. Kuna watu wa namna mbili tusiokubaliana nao. Wa kwanza wanasema: nyumba ya mwuza watu ibomolewe, hata jiwe lisibaki. Lakini mawe yale hayakutenda dhambi, na waliolaza mawe huenda walikuwa watumwa wenyewe. Ukibomoa, unafuta kazi ya mtumwa pamoja na jina la bwana wake, na mtumwa ndiye atakayepotea zaidi, kwa kuwa bwana ana kitabu. Wa pili wanasema: sanaa ni sanaa, mali ni mali, msichanganye. Hao tunawajibu kwamba nyumba haifanani na wimbo. Wimbo unaweza kutungwa na maskini kwa bure. Nyumba kubwa haisimami bila mali, na mali ina mahali inapotoka. Mahali hapo ni sehemu ya nyumba, sawa na msingi ulio chini ya udongo. Nabii Yeremia, katika sura ya 22, alimhukumu mfalme Yoyakimu hivyohivyo. Hakusema kwamba mierezi yake ilikuwa mibaya wala madirisha yake madogo. Alitazama vyumba vya juu vilivyo vipana, akauliza habari ya ujira wa waliovijenga.

Hukumu yetu ni hii. Kama kazi ya mikono, nyumba ile ni njema: kuta zake zinajua jua, vyumba vyake vinakubali mti wake, mlango wake umechongwa na mtu aliyeheshimu kazi. Kama neno linalosemwa kwa watu, ina ila kubwa moja: haionyeshi popote inapotoka. Katika mlango mzima kuna mtende wa Arabuni na ua la Uhindi na samaki wa bahari. Hakuna kitu cha Lualaba. Nchi iliyolipa haikupewa hata jani moja pembeni ya mlango.

Twende mbele kidogo, maana nyumba haikufa na bwana wake. Mwaka 1964 mapinduzi yalitokea Unguja. Majumba mengi ya matajiri yalichukuliwa na serikali, na familia za watu wa kawaida zikaingizwa ndani. Nyumba ya Tippu Tip nayo imekuwa makao ya familia kadhaa. Vitabu vya wageni vinasikitika: rangi imebanduka, nyumba imegawanywa, imechakaa. Sisi hatusikitiki sawa nao. Pale ambapo bwana mmoja alikaa na mali yake, sasa watoto wa nyumba nyingi wanapanda ngazi nyeusi na nyeupe wakitoka shule.

Lakini hatuwezi pia kuficha ugumu wa jambo. Nyumba ya matumbawe inataka ulinzi wa kila mwaka. Chokaa lazima irudishwe kila mara. Wenye haraka wanapaka saruji juu ya chokaa, na saruji inafunga maji ndani ya ukuta; ukuta hauwezi kupumua tena, unaoza polepole kutoka ndani, na boriti zinalainika. Watu maskini hawana franga za kuzuia hayo. Hata serikali imeshindwa mara nyingine. Tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 2020, siku ya Noeli, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la fahari ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, ilianguka wakati wa kazi ya kulitengeneza, na wafanya kazi wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa na nguzo za chuma, na umeme kabla ya majumba mengine ya upande wetu. Hakuna aliyejua kwamba mwisho wake ungeonyesha tena jambo lilelile: mzigo wa nyumba kubwa unawaangukia wale walio chini.

Sasa kwetu. Itakuwa ni uongo tukitazama Unguja tu na kusahau miji yetu. Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na mwaka 1911 tanuru ilitoa shaba ya kwanza. Majumba ya mabwana yalijengwa kwa matafali mekundu, mengi ya udongo wa vichuguu, ule udongo mzuri unaoshikana vema katika moto. Yalikuwa na barza pana, na paa zilizotoka mbele kuzuia mvua ya masika. Tunayapenda, mengine yamesimama mpaka leo bila ufa. Lakini nyuma ya kila lupango kulikuwa na chumba kidogo cha boyi, mbali na jikoni, karibu na takataka. Na kati ya mji wa Wazungu na makao ya weusi kuliachwa uwanja mtupu, wenye upana wa mamia ya metre, watu wakaambiwa ni kwa sababu ya mbu na homa. Ramani ya mji ilikuwa na mnyororo kama mlango, ila mnyororo huo haukuchongwa na seremala.

Na nyumba za misioni? Mpala ilianza kama boma la askari, kazi ya Kapiteni Storms mwaka 1883, kisha mwaka 1885 ikapewa Mapadri Weupe. Watu waliokimbia vita walikimbilia huko. Kuta zile ziliwaokoa wengi, hatukatai. Lakini zilijengwa na watu ambao wengi wao walinunuliwa kwanza ili wakombolewe, kisha wakapewa kazi, na si kila mara waliulizwa kama wanataka. Kazi hiyo yaombwa kuhukumiwa kwa mizani ileile. Tuseme pia upande mwingine: kwa Watabwa walewale ambao mfalme wao Nsama alishindwa mwaka 1867, miaka 50 baadaye, tarehe 21 mwezi wa 7 mwaka 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri kule Baudouinville, wa kwanza katika Kongo yetu. Ghala la Nsama lilijenga Unguja. Kuta za matafali za Marungu zilimpa Kaoze fasi ya kusoma Kilatini. Hatusemi kwamba la pili linalipa la kwanza. Tunaandika miaka miwili hiyo pamoja, msomaji aitazame.

Tumalize habari ya Karavia, maana mseminari wetu bado anangoja jibu.

Kabla ya kuanza sala tulitoka mara moja kwenda kuchukua maji ya baraka katika gari. Nje ya ukuta, juani, tukakuta watu sita wamekaa chini. Hakuna baraza kule nje. Walikaa juu ya matafali yaliyobaki. Tukawasalimu. Mkubwa wao akasema: «Padri, ni sisi tuliochoma matafali ya nyumba hii. Tulifanya matanuru mawili. Tumelipwa ya kwanza. Ya pili, tunaambiwa kila juma tuje juma lijalo.» Hakusema kwa hasira. Alisema sawa na mtu anayeeleza njia kwa mgeni. Mmoja wao alikuwa na mtoto pamoja naye, na mtoto alikuwa akitazama misumari ya mlango kupitia geti lililoachwa wazi.

Tulirudi ndani, tukamwita mwenye nyumba pembeni, chini ya barza yake, tukamwuliza. Hakukana. Akasema mlango ulikula franga nyingi kuliko alivyofikiri, na wale ni watu wavumilivu, watangoja. Sisi pia tukamwambia kwamba tu watu wavumilivu. Tukavua stola, tukaikunja, tukamwomba atutumie habari siku ile atakapomaliza hesabu ya tanuru la pili, nasi tutakuja siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku. Wageni walishangaa kidogo. Chakula kilikuwa tayari, tukakiacha. Katekista wetu, ambaye hapendi kukosa nyama, hakusema neno mpaka tulipovuka barabara ya golf.

Njiani tulimjibu mseminari: mlango ni mzuri. Akauliza, nyumba je? Tukamwambia tutajua siku tutakapoitwa.

Ni majuma matatu sasa. Kitabu cha baraka kiko juu ya meza, na chupa ya maji iko karibu yake.